Waliokuja Kumzika Mwalimu Joanitha

Muhula mzima wa likizo yake ya ugonjwa hakuna aliyekalia kiti cha Mwalimu Joanitha. Walimu wenzake walikipita wakishusha sauti, wakaweka madaftari kila mahali ila pale. Hawakumchukia. Walikuwa wameshaanza kumzoea kama mtu asiyekuwepo, na hilo lilimuuma kuliko vidole.

Vidole vyenyewe vilianza kuvimba akiwa na miaka thelathini na minane. Asubuhi havikujikunja kushika chaki. Mchana magoti yalikataa ngazi. Daktari alimwambia bila kuzunguka: baridi yabisi, haiponi, inatulizwa kwa dawa. Joanitha alilia siku mbili. Siku ya tatu hasira ilimkausha machozi.

Akachukua ukindu. Bibi yake alimfundisha kusuka mikeka tangu utotoni, lakini sasa vidole havikuuweza ukili mwembamba wa bibi. Basi akasuka mpana kama kiganja, kwa rangi alizozitaka mwenyewe, akipumzika kila mara kuloweka mikono katika maji ya moto. Mkeka ulitoka mnene, mbaya kidogo, wenye nguvu. Jirani yake Sada, aliyekuwa akiishi na kisukari mwaka wa kumi, aliutazama akacheka.

"Mwalimu, huu mkeka au ukuta?"

"Kaa usuke, tuone kama utacheka tena."

Sada akakaa. Kesho yake akaja na rafiki mwenye shinikizo la damu. Ndani ya mwaka, sebule ya nyumba aliyoishi mtaa wa Kahororo, aliyoiacha marehemu baba yake, ikawa darasa la Jumamosi. Wanawake wenye maradhi ya kudumu walilipia kuja kuloweka mikono, kuchora michoro yao na kuisuka. Masharti yalikuwa mawili: saa ya kwanza hakuna kuzungumza, na hakuna kumwuliza mtu anaumwa nini.

Kaka yake Kashaija, mkulima wa kijijini kwao Rubya, aliliita mchezo.

"Mgonjwa anapumzika," alimwambia kwenye simu. "Rudi nyumbani, hospitali iko jirani. Hiyo nyumba tuipangishe. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua."

"Nije nifanye nini huko?"

"Utulie."

"Nikifa nitatulia sana, kaka."

Joanitha ndiye aliyekata simu. Kisha akaingiwa na hofu, maana nyumba ilikuwa ya ukoo, na ukoo ulikuwa upande wa Kashaija.

Jumamosi iliyofuata sakafu ya saruji ilikuwa na baridi ya mvua ya jana yake. Joanitha akaikumbuka nyumba ya bibi, iliyotandazwa nyasi sakafuni, akaagiza nyasi, akazitandaza sebule nzima. Wanawake kumi na wawili wakakaa juu yake, miguu wameinyoosha, khanga mabegani, kimya kama sharti lilivyotaka. Mwenyewe alikuwa jikoni, mikono ndani ya beseni.

Ndipo akapita binamu yao Dastan, mpakiaji wa mizigo kwenye bandari ya Kemondo. Akachungulia mlangoni. Aliona nyasi, aliona wanawake wameketi chini, hakumwona Joanitha. Kwa Wahaya nyasi hutandazwa ndani kwa sherehe au kwa msiba, na nyasi za sherehe huwa na kelele. Hizi zilikuwa kimya. Na mwanamume wa Kihaya akiona hivyo hasimami mlangoni kuhoji: anatafuta kuni, anawaarifu ndugu. Dastan akavua kofia, akarudi barabarani, akapiga simu Rubya.

Saa saba mchana kilio kilianzia njiani.

"Mawe! Joanitha! Mwana wange!"

Shangazi Evodia aliingia mikono kichwani, akimlilia mwanawe kwa Kihaya. Nyuma yake lilisimama gari lenye ndugu, mikungu ya ndizi na kuni. Joanitha akatoka jikoni na taulo.

"Shangazi, nani amekufa?"

Evodia akapiga yowe, safari hii la kweli. Akamshika mashavu, akamshika shingo.

"Ana joto!" akawatangazia watu.

"Nina joto, shangazi. Nimetoka kwenye beseni."

Sada alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Kashaija hakucheka. Alisimama kando ya gari, macho mekundu. Alikuwa amelia njia nzima. Joanitha aliliona hilo, na kidogo alegee.

"Umetutia aibu," Kashaija alisema. "Funga vitu vyako. Gari lipo, tunarudi wote leo hii."

"Ulikuja kunipeleka wapi, kaka?"

"Pembeni ya kaburi la baba."

"Na sasa niko hai unanipeleka kulekule, ila umepunguza jeneza." Alimsogelea, magoti yakimwakia moto, asionyeshe. "Siku ya kunipakia kwenye gari hilo ipo. Siku hiyo sitaweza kukataa. Leo naweza. Leo nakataa, na mwisho wa mwezi nitakataa. Ukitaka nyumba, unitoe mbele ya hawa."

Shangazi Evodia alikuwa ameshaketi nyasini, amemnyang'anya mwanamke wa karibu ukili wake.

"Nani amekufundisha? Unasuka kama unafunga mbuzi."

"Mwalimu Joanitha, bibi."

"Joanitha vidole vinamuuma. Wewe unaumwa nini?"

"Haturuhusiwi kuulizana, bibi."

Evodia akaguna, akaendelea kusuka. Kisha, bila kuinua macho, akasema: "Kashaija. Ulituambia dada yako anateseka peke yake, hana hata wa kumpa maji."

"Ndiyo, shangazi. Na ukoo ulikubaliana..."

"Ukoo ulikubaliana kuhusu mgonjwa aliyeachwa. Mimi humu simwoni. Shusha ndizi."

Chakula kilicholetwa msibani hakikuweza kurudishwa Rubya, kwa hiyo ndizi zikamenywa palepale na watu wote wakala. Kashaija alipasua kuni uani, shoka likishuka kwa hasira, akasaza rundo la kutosha wiki mbili. Hakusema amekubali. Mwisho wa mwezi ulifika, na gari halikuja.

Joanitha sasa ana miaka arobaini na minne. Anaishi Kahororo, katika nyumba ileile, na darasa lake hufunguliwa kila Jumamosi saa tatu asubuhi.