Njia ya Damu Kwenye Shamba la Mtama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Siku ile niliyowatoa darasa la saba kwenda kupalilia shamba la shule, hapa Kishapu, sikuwatoa kwa kuuonea mtama huruma. Niliwatoa kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa nimewafundisha safari ya damu mwilini, na nilipouliza damu ikirudi kwenye moyo huingia chumba gani kwanza, darasa zima lilinikodolea macho.

Na nilikuwa nimejitahidi, jamani. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya ufundishaji shirikishi mjini Shinyanga, nikarudi na makaratasi ya manila na kalamu za rangi. Nilikata kadi nyekundu na kadi za buluu, nikawapanga vikundi, wakacheza karata za moyo kwa vifijo hadi darasa la jirani likashindwa kusoma. Kesho yake walichokumbuka ni kundi gani lilishinda.

"Chukueni majembe," nikawaambia.

Aliyeniuma zaidi alikuwa msichana wa dawati la mbele. Alikuwa mpole, hainui macho, ukimuuliza swali anatazama vidole vya miguu. Baba yake, mfugaji wa ng'ombe, alishaniambia wazi kwamba mtihani wa majaribio ndio utakaoamua. Akifaulu, atamwacha amalize na aende sekondari. Akishindwa, shangazi yake anamsubiri Nyarugusu, akapikie wachimbaji wa dhahabu. Mimi kabla ya Kishapu nilifundisha huko Geita. Nawajua wasichana hao wa masufuria. Niliwahi kumfundisha mmoja kusoma, na mwaka uliofuata nikamkuta kando ya mashimo ya dhahabu akipakua ugali, akaniambia shikamoo bila kunitazama usoni.

Basi nilikaa kivulini nasahihisha madaftari, nimenuna. Watoto walijipanga mstari mmoja kama wanavyofanya wakubwa wao wakialikana kulima. Punde wakaanza kuimba. Sikushangaa, maana Msukuma kulima kimyakimya ni kama kula bila chumvi. Wimbo wenyewe niliujua. Hata mimi, mzaliwa wa Ibadakuli niliyekulia karibu na uwanja wa ndege, nilimsikia bibi yangu akiulimia. Lakini ndani yake yalikuwemo maneno yangu ya ubaoni.

"Damu ya mwili yarudi wapi?" iliuliza sauti moja, kali na safi.

"Auriko ya kulia!" Majembe yote yakashuka kulia.

"Yasukumwa wapi?"

"Ventrikali ya kulia!" Yakashuka tena, hatua moja mbele.

"Yaenda wapi?"

"Mapafuni!"

Na majembe yote yakarushwa juu, yakazunguka hewani na kudakwa. Nilifumba macho nikisubiri kilio. Hakuna aliyelia. Nilipoyafumbua, walikuwa wamesimama, majembe mabegani, wanavuta pumzi. "Yapumzika, yavuta hewa," waliimba polepole, kisha wakageukia kushoto kumalizia safari, auriko, ventrikali, hadi mwilini, jembe la mwisho likizama ardhini kwa kishindo kimoja.

Aliyekuwa akiuliza, manju wao, alikuwa yule msichana. Kichwa juu, macho makavu, anawatazama wenzake mmoja mmoja kama mama mwenye nyumba. Nilisimama, madaftari yakaanguka, sikuyaokota. Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, na sikuwahi kuona somo langu likiwa hai namna ile. Nilishukuru, na niliona aibu pia, kwa kuwa wao walikuwa wamelitengeneza wakati nikiwaadhibu.

Tangu siku hiyo kadi zangu zilibaki kabatini. Tulilimia mmeng'enyo wa chakula, tukalimia sayari. Mwalimu mkuu alinitania, "Mwalimu, mwaka huu mtama wetu utafaulu kuliko watoto." Kosa moja niliwaachia. Damu haipumziki mapafuni. Pale walihitaji tu mahali pa kupumua ili wimbo uende. Nililisikia kila mara, na kila mara nikanyamaza, kwa sababu nilipapenda.

Kosa hilo ndilo lililotufikisha ofisini.

Mtihani wa majaribio ulisimamiwa na mwalimu kutoka shule nyingine, mtu makini, mgeni wa huku kwetu. Alimwona msichana wa dawati la mbele akiweka kalamu chini, akiinua mikono miwili mitupu, kulia, kulia, juu. Nyuma yake mabega ya darasa zima yakafuata. Alipokusanya karatasi akazipitia, akakuta zote zimeandikwa kwamba mapafuni damu inapumzika.

"Maneno yale yale, hata kosa ni lile lile," alimwambia mwalimu mkuu. "Na huyu binti ndiye aliyekuwa akitoa ishara. Karatasi yake naifuta."

Baba yake aliitwa. Alikuja na fimbo yake ya kuchungia, akasimama mlangoni. Nilieleza wimbo, nikaeleza shamba, nikajieleza hadi nikaanza kugombana. Msimamizi alinisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia msichana. "Basi eleza mwenyewe. Damu inapita wapi?"

Msichana alitazama vidole vya miguu. Niliiona Nyarugusu, nikaliona sufuria.

Hapo yule baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aligonga sakafu kwa fimbo. Akagonga tena. Ulikuwa mwendo wa jembe. Aligonga tu, akimtazama mwanawe.

Kichwa cha msichana kikainuka. Aliimba safari nzima katikati ya ofisi, akilima saruji kwa mikono mitupu, akiuliza na kujijibu. Alipofika mapafuni mikono ikaruka juu, na msimamizi akarudi nyuma nusu hatua, kana kwamba jembe lilikuwepo. Wimbo ukaisha. Msimamizi aliirudisha karatasi kwenye rundo, taratibu, akainyoosha kwa kiganja.

"Nisamehe, binti," alisema. "Ila hapo pa kupumzika, umekosa."

"Kosa ni langu," nikasema. "Nililijua, nikanyamaza. Damu haipumziki."

Baba aliacha kugonga. "Haipumziki kabisa? Hata nikilala?"

"Hata ukilala, baba," msichana alimjibu, na alikuwa anamtazama usoni. "Haijapumzika tangu ukiwa tumboni kwa bibi."

Mzee alihamishia fimbo mkono wa kushoto, akaweka wa kulia kifuani. Alikaa hivyo kitambo, mdomo wazi kidogo, akisikiliza. Mimi pia niliweka wangu, sikujua hata nimeuweka lini.

"Wabeja, mayu," aliniambia, akinishukuru kwa Kisukuma na kuniita mama. Kisha akamgeukia mwanawe. "Basi na wewe usipumzike. Rudi darasani. Shangazi yako atafute mpishi mwingine."