Nilipouita Mwaka Mbaya

Maua ya kahawa hayadumu, ni siku chache tu. Nilipokuwa mdogo kwetu Itaka yakishafunguka sikusoma kitu darasani, maana kilima kizima kilinukia hadi dirishani na nyuki hawakusikia la mtu. Sasa nauza vitenge Tunduma, mpakani. Nawasalimia Wazambia kwa Kibemba changu cha kuungaunga, wananicheka, halafu wananunua. Kazi naipenda. Ila ikifika Novemba, pua yangu inarudi nyumbani bila mimi.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, bwana shamba mgeni aliitisha mkutano kijijini. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni: mabadiliko ya tabianchi, ustahimilivu, na mengine ambayo hata mimi niliyapitia juujuu. Wazee walitikisa vichwa kwa adabu. Bibi jirani yetu akaninong'oneza kwamba huyu anaongea kama redio, na redio haijibiwi. Ndipo mwenyekiti akanisimamisha nitafsiri kwa Kinyiha chetu, kwa kuwa eti nimesoma.

Jamani, nilijiona waziri. Bwana shamba alikuwa amesema mvua tulizozizoea hazitarudi, kwa hiyo tupande miti ya kivuli katikati ya mibuni na kuufunika udongo kwa nyasi. Nikazitazama zile nyuso. Baba yangu alikaa mbele, kofia magotini. Ningemwambiaje mbele za watu kwamba mvua ya baba yake imekwisha? Kwetu habari ya msiba haimwagwi tu. Mtu anaambiwa kwanza kwamba mgonjwa hali yake si nzuri, aketi, anywe maji. Basi na mimi nikafanya vivyo hivyo. Nikawaambia huu ni mwaka mbaya, na huenda ukafuatwa na mwingine, tuwe waangalifu.

Nyuso zikalegea. Mwaka mbaya wanaujua, unakuja na unapita. Wakanipigia makofi, na mzee mmoja akasema nimeeleza vizuri kuliko mwenye maneno. Hakuna aliyepanda mti.

Baba akangoja. Mvua ilianza, maua yakafunguka, kisha jua likakaa wiki tatu na yote yakakauka rangi ya chai. "Mwaka mbaya," akasema, akaingia ndani. Mwaka uliofuata akasema hivyo tena, maneno yangu mwenyewe. Mibuni ya chini, karibu na kijito, ikafa. Akaing'oa, akapanda mahindi. Ikabaki ile ya nyuma ya nyumba, aliyoipanda babu.

Juzi alinipigia simu kwa furaha. Ameona mawingu, mwaka mbaya umeisha, hatagusa kitu, atangoja tu. Nikamwachia mteja kitenge chake, nikaketi juu ya robota la vitenge.

"Baba," nikasema kwa Kinyiha, "siku ile mkutanoni nililainisha. Bwana shamba hakusema mwaka mbaya. Alisema mvua ile imeshakufa."

Nilisikia kuku wake.

"Msiba una miaka minne, mwanangu," akasema, "na sisi bado tunauliza hali ya mgonjwa."

Nikaomba radhi. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alisema mibuni ya babu ataanza kuifunika nyasi kesho yake. Lakini wenzake je, akauliza, nani atawaambia? Akanitaka nije Jumapili, watu wakitoka ibadani, niseme mwenyewe.

"Na usitulainishie," akasema.

Tangu hapo naipanga ile sentensi huku nakunja vitenge. Kwa Kiswahili naisema yote bila kusita, ningeweza hata kumwambia mteja. Kwa Kinyiha, ingawa baba nilishamwambia, kila nikiianza naishia njiani, kwa sababu katika lugha ile sijawahi kuisikia mvua ikitajwa ila na watu wanaoingojea.