Kodi ya Kupita

Swali lenyewe ni fupi: kwa nini walowezi walipigana na Waingereza? Nililisikia mara ya kwanza Louisville, mji tulikofikia, kwa mwanamke niliyekuwa nakunja naye mashuka ya hospitali. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa uraia. Baadaye nilihamia Columbus kufuata kazi ya ghalani, na huko nililisikiliza kwenye simu huku nikibandika lebo kwenye maboksi. Jibu nililijua, kodi kubwa, lakini nilikuwa nimelimeza tu kama dawa. Nilikuja kulielewa Buffalo, na kulielewa ndiko kulikoniponza.

Buffalo nilikuwa na haraka. Mama yangu alibaki kambi ya wakimbizi Burundi, figo zimechoka, na mtu mwenye kadi ya kijani tu, ile ya ukaazi, haruhusiwi kumwombea mzazi wake aje. Lazima kwanza awe raia. Donc, yaani, uraia sikuutafuta kwa ajili ya bendera wala kupiga kura, nisidanganye. Nilikuwa namtafuta mama. Kila aliponipigia simu aliuliza jambo moja, kama nimeshaitwa kwenye usaili, nami nilimjibu kwa ukali, halafu nikikata simu nalia.

Darasa letu lilikuwa Jumapili baada ya ibada, chumba cha chini cha kanisa, mtaa wa Lower West Side, ambako joto la mabomba halifiki na tulikaa na makoti yetu. Mwalimu alikuwa Mrundi, zamani akifundisha sekondari, sasa anapakia mikate kiwandani. Wengine wote walifundisha majibu tu. Yeye alifundisha sababu, maskini, kwa nia njema kabisa.

Alisema mfalme wa Waingereza alipigana vita virefu na Wafaransa huko mpakani, kwenye misitu, na vita vile vikamwachia madeni. Akawatwisha walowezi kodi: kodi ya karatasi, kodi ya chai, kodi ya vitu vidogo vidogo, bila kuwauliza. Akawaletea askari, na sheria ya kuwalisha na kuwapa pa kulala. Tena akachora mstari kwenye milima, akawakataza kuuvuka kwenda kuchukua ardhi ya wenyeji, kwa sababu kila walipovuka damu ilimwagika. Walowezi wakakasirika kwa kodi, wakakasirika kwa mstari, hasira mbili zikakutana, basi.

Nikauliza, "Na wenye ardhi yao, waliambiwa nini?"

"Hao hawaulizwi kwenye mtihani, mama," alisema, akafuta ubao.

Sikufurahi, lakini nilikuwa tayari nawaza jambo jingine. Kule kwetu milimani, kabla ya kukimbilia Burundi, tuliishi hivyo hivyo. Wenye bunduki walikuwa na kodi ya soko, kodi ya shamba, kodi ya kupita njiani. Walilala kwenye nyumba zetu, wakanywa maziwa ya watoto wetu, na asubuhi ukawashukuru kwa kuwa umeamka. Kuhusu mstari, sisi tuliambiwa ndio wageni tulioruka mstari wa watu, turudi tulikotoka, na mimi bibi wa bibi yangu amezikwa pale. Miaka yote nilidhani mambo yale ni aibu yetu peke yetu. Kumbe nchi nzima ilizaliwa kwa kukataa mambo kama hayo, na watoto wanafundishwa shuleni. Nilimwambia mwalimu, "Hawa watu ni sisi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Mama, ukifika kule sema maneno mawili. Kodi kubwa. Halafu nyamaza. Mdomo wako naujua."

Na mimi naujua. Lakini kwetu, mtu mkubwa akikuuliza jambo, kumrushia neno moja ni dharau, kama kumtupia mbwa mfupa. Unampa habari kutoka mwanzo: ng'ombe alikuwa wa nani, alitolewa wapi, nani alishuhudia. Ndivyo nilivyolelewa, na adabu haivuliwi mlangoni pamoja na koti.

Siku ya usaili nilivaa gauni la harusi ya dada yangu. Afisa alikuwa mzee mpole, mwenye miwani. Alipofika kwenye swali lile nikasema, kodi kubwa. Akatabasamu, akasema vizuri sana. Hapo ningefunga mdomo. Badala yake nikaona nimepata mtu wa kunielewa, kwa Kiingereza changu cha ghalani nikamwambia hata sisi tulilipa. Nikamweleza juu ya kizuizi cha njiani, jinsi tulivyotoa ng'ombe mwenye mimba ndipo tukaachiwa kupita.

Kalamu yake ikasimama. "Mlimpa nani huyo ng'ombe?"

"Wenye bunduki."

Akarudi nyuma kwenye faili, kurasa nyingi, mpaka zile za kambini. Kule niliulizwa kama nimewahi kusaidia kundi lolote lenye silaha, nikasema hapana. Nilisema kwa moyo safi. Nani anaita kuporwa kusaidia? Lakini yeye alikuwa na hapana yangu ya zamani mkono mmoja na ng'ombe mkono wa pili. Tabasamu lilikwisha. Alisema, kwa upole uleule, kwamba leo hawezi kuamua.

Nilitembea kurudi nyumbani hadi mtaa wetu wa Kensington-Bailey, maili nyingi, kwa viatu vya harusi, kwa sababu nilijua nikipanda basi nitapiga kelele mbele za watu. Nilijichukia siku ile. Bado najichukia.

Barua ikaja: nieleze kwa maandishi, chini ya kiapo, ng'ombe alitolewa na nani. Mwanasheria wa bure, ofisi yake iko Kenmore, alinisikiliza mpaka mwisho. Ukweli ni kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekaa chini kwenye matope, mmoja wao ameshika nywele zangu. Mama ndiye aliyerudi nyumbani akamleta ng'ombe kwa kamba, akawakabidhi.

"Andika hivyo," mwanasheria alisema. "Wewe utasafishika."

"Na yeye?"

Alitazama meza. Alisema aliyelazimishwa anaweza kusamehewa, lakini kwa mtu aliye kambini msamaha huo huchukua miaka, na mara nyingine hauji. Figo za mama hazikuwa na miaka. Na nikiandika kwamba niliyetoa ni mimi, nitakuwa nimeapa uongo, uraia siupati, na yeye simleti vilevile. Nilimwomba anioneshe njia ya tatu. Alinisogezea fomu ya kiapo.

Nilimpigia mama Jumamosi mchana. Nilidhamiria kumficha, lakini yule mwanamke husikia hata pumzi. Nikamwambia yote, mpaka lile wazo la mimi kuapa kwamba kamba niliishika mimi.

"Uliishika lini?" alisema. "Wewe ulikuwa unalia tu. Ng'ombe alikuwa wangu, wa mahari yangu. Usinichukulie ng'ombe wangu."

"Mama, nikiandika jina lako hutakuja."

Nilisikia wanawake wa kambini wakigombana kwenye foleni ya maji nyuma yake.

"Nilijua siji tangu mwaka jana," alisema. "Nilikuuliza kila siku ili usichoke. Mwanangu, nilimtoa yule ng'ombe ili upite. Sasa pita."

Niliandika jina lake, herufi kubwa, kama fomu ilivyotaka, na chini yake, palipoulizwa ni nani kwangu, nikaandika: mzazi.