Salamu Nilizotuma Songosongo

Sikuwa naota. Homa sikuwa nayo, na pombe haijawahi kupita kooni mwangu. Lilikuwa jua la utosini, hapa hapa uani kwangu Lionja, naanika makopa ya muhogo. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nikishafika katikati sipendi kukatizwa.

Mjukuu wangu Zuhura alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Saidi, kijana wa Ruangwa, alikuwa anachimba dhahabu Namungo, na mwaka ule shimo lilimkubali. Basi akaja na kalenda yenye picha ya mchanga mweupe na minazi, akaitandaza mkekani mbele yangu kama muuza kanga.

"Bibi, ndoa tutafunga hapa. Ila fungate tunakwenda kisiwani. Wewe tuchagulie tu, Unguja au Mafia?"

"Fungate kisiwani? Kwani chumbani kwangu kuna chui?"

"Chui hayupo, Bibi, ila wewe upo," akasema Zuhura. Wakacheka wote wawili.

Nikawauliza swali moja: huko kwenye picha nani atawapokea? Kwetu mwali hakai fungate peke yake. Somo yake, yule mama aliyemfunda unyagoni, ndiye anayekaa karibu, anampikia, anamtazama, anasikiliza kama kuna kilio. Picha ile haikuwa na mtu hata mmoja. Unampelekaje mtoto wa watu mahali pasipo na mtu?

Somo yake Zuhura alikuwa Biti Hassani, jirani yangu wa zamani, aliyeolewa na mvuvi akahamia kisiwa cha Songosongo. Hapo nikapata neno. Nikasema kama lazima kisiwa, basi Songosongo kwa somo yake, au hakuna safari. Walininunia. Saidi alilalamika kwamba kule hakuna hoteli, kuna samaki tu. Mwisho wakakubali. Kwa hiyo kisiwa nilichagua mimi, kumbuka hilo.

Simu zilikuwa hazijafika kwetu. Alikuwapo Chande, mchuuzi wa ng'onda, anachukua samaki wakavu huko huko Songosongo na kuja kuwauza mnadani Nachingwea. Nikamtuma yeye. "Mwambie Biti Hassani mwali wake anakuja. Amtandikie, ampokee."

"Salamu ni amana, Bibi. Itafika."

Basi, siku ile ya makopa nimeinama, nikaona kuku wote wanakimbilia chini ya ghala. Nikainua kichwa. Biti Hassani amesimama ukingoni mwa uwanja, kanga imemfunika mpaka kidevuni. Hodi sikusikia, wala mbwa hakubweka.

"Jamani, Biti Hassani! Karibu, mwanangu. Umekuja na gari gani saa hizi?"

"Shikamoo, mama. Salamu zako zimenifika."

La gari hakulijibu. Nikamletea kigoda, hakukaa. Nikampa maji, akayatazama tu, akasema maji anayo mengi. Niamini, hata hapo sikushtuka, nilidhani ni uchovu wa safari.

"Mama, mwali atakuja kweli?"

"Atakuja. Si nimekutumia salamu?"

Akatikisa kichwa polepole. "Kitanda changu chembamba, mama. Maji yakijaa yanaingia mpaka ndani. Lakini ukisema nimpokee, nitampokea. Nilimfunda mwenyewe, siwezi kumkataa."

Nikamwonea huruma. Nikafikiri mumewe hajamjengea nyumba ya maana. Nikamjibu, "Mpokee hivyo hivyo, shida tumezizoea."

Niliingia ndani kumtolea ugali. Kutoka, hayupo. Pale aliposimama udongo ulikuwa umelowa nyayo mbili, na kiangazi kile hata kisima kilikuwa kinatoa tope. Nikagusa, nikaonja kidole. Chumvi. Sasa niambie wewe, Lionja na bahari wapi na wapi?

Zuhura akasema jua limenipiga. Saidi akasema, "Bibi hataki tusafiri, sasa anatafuta shetani wa kumsaidia." Chakula kilinishinda, na begi la safari la mtoto yule nikalifunika mkeka nisilione. Nikawa namngoja Chande.

Alikuja na matenga yake, hakunitazama usoni.

"Chande, salamu ulifikisha?"

"Nilifikisha, Bibi."

"Kwa nani?"

Akashusha tenga. "Nilimkuta kashazikwa. Homa tu ilimchukua. Sasa ningefanyaje? Amana ya mtu siwezi kurudi nayo. Nikaenda kaburini nikamweleza kama ulivyonituma. Mwali wako anakuja, umtandikie, umpokee."

"Na kaburi liko wapi?"

"Karibu na ufuko. Bahari ikijaa sana, maji ya bamvua yanafika mpaka pale."

Zuhura alikuwa pembeni anapeta ufuta. Ungo ulimtoka mikononi.

Habari ya kisiwa ikafa siku hiyo. Saidi mwenyewe aliichana ile kalenda, akaitia jikoni. Fungate walikaa chumbani kwangu, na mlangoni nikakaa mimi. Lakini salamu ilikuwa imeshatoka, na tena nilikuwa nimeithibitisha kwa mdomo wangu huu. Nilimsihi Chande akairudishe, akakataa katakata. Hata njia alibadili, samaki akawa anachukulia Lindi. Basi nikachukua unga wa mtama, ambao kwetu ndio wa kusemea na wafu, nikaumwaga pale penye nyayo, nikasema, "Biti Hassani, usimpokee. Neno langu nimelirudisha. Kitandani mwako lala mwenyewe."

Kisha nikarudi kukaa mlangoni kwa mwali.

Zuhura sasa ana watoto. Bahari hajaikanyaga mpaka leo. Akipelekwa hospitali Lindi, anafunika uso kwa kanga ili asiyaone maji. Na pale uani, nikianika makopa yanakauka yote, meupe kabisa, isipokuwa yaliyo pale aliposimama. Hayo yanabaki mabichi, na ukiyaonja yana chumvi. Ndiyo maana najua kwamba yule mama bado anangoja. Neno langu la kwanza lilimfika. La pili sijui.

Nyie mnaochagua visiwa kwenye picha, chagueni, sikatazi. Ila ulizeni kwanza nani anawapokea huko, na kama bado anapumua. Na ukitaka kutuma salamu za kuomba kupokewa, usimpe mtu ambaye hawezi kurudi nazo.