Mwanaasha, mkalimani wake na gavana wa ndizi

Saa nane kasoro robo mchana, Jumapili. Mwanaasha Suleimani amesimama juu ya ngazi ndani ya ghala, misumari mitatu imebanwa midomoni, anapigilia blanketi kwenye dirisha la mwisho. Nje watu wanagonga mlango.

"Nimewaambia saa nane kwa miaka kumi na tisa," anasema akiitema misumari kiganjani. "Kila Jumapili wanagonga saa saba na nusu. Wakiingia wanalalamika kwamba kuna giza. Sasa sinema utaionaje bila giza?"

Mwanaasha, 47, huonyesha picha za panga. Ndivyo zinavyoitwa hapa Tukuyu: picha za zamani za Kimarekani, nyingi hazina rangi, zenye wanaume wa masharubu membamba wanaopigana panga kwenye ngazi za majumba, wanaoning'inia kwenye mapazia na kuruka kutoka meli moja hadi nyingine. Anazo nne. Zilikuwa sita, mbili zikaliwa na ukungu.

Mashine ya sinema na mikanda alivirithi kwa baba yake, fundi cherehani aliyetoka Kilwa, ambaye alivinunua kwa mzungu wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao. "Baba alishona suruali siku sita, ya saba akaonyesha sinema," anasema. "Mimi nikiwa na miaka kumi na miwili nilishajua kuunga mkanda ukikatika. Kaka yangu Hafidhi alikimbilia Mbeya. Nikabaki na mashine."

Kiingilio ni shilingi hamsini. Jumapili ghala likijaa, Mwanaasha hupata cha kuweka kwa ajili ya ada ya binti yake, Siham, aliye kidato cha pili. Lisipojaa, hushona, kama baba yake.

Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuleta anachoweza, mji huu umepata mabanda matatu ya video. Yanaonyesha karate na picha za Kihindi, zote za rangi, kila siku ya wiki. Mwaka jana watu walimwambia Mwanaasha auze mashine yake kama vyuma chakavu. Hata hivyo, watazamaji wanaendelea kuja Jumapili, wengine kwa miguu kutoka Kinyala na Masukulu.

Atupele, mwanamke mkulima wa chai na ndizi wa Masukulu, ni mmoja wao. Amekwisha kulipa, anasubiri nje ya dirisha lile la mwisho mlango ufunguliwe.

"Kwenye karate sijui nani anapigana na nani, wala kwa nini," anasema. "Hapa najua. Adui amechukua shamba la mtu, kijana anakwenda kulirudisha. Na anapopigana hakasiriki. Mimi nikidai haki yangu nalia, hata maneno yananipotea. Yule anacheka. Nakuja kumtazama anavyocheka."

Mwanaasha anayasikia hayo na kutikisa kichwa.

"Ameiona mara hamsini," anasema. "Anajua stelingi, shujaa wa picha, hafi. Lakini subiri umwone. Atasimama mbele ya mashine kumwonya kwamba adui yuko nyuma ya pazia, na kivuli chake kitafunika stelingi, adui na pazia lenyewe."

Hata hivyo, hakuna mtazamaji anayemchosha kama Ambindwile.

Ambindwile Mwaijande, 66, ni karani mstaafu wa shamba la chai. Kiingereza anakijua vizuri. Kazi yake ni kusimama kando ya shuka jeupe akiwa na kipaza sauti na kuwaeleza watu yanayosemwa, kwa Kiswahili, na panaponoga, kwa Kinyakyusa.

"Nilimweka atafsiri," anasema Mwanaasha. "Yeye anatunga. Mtu kwenye picha akisema maneno matatu, Ambindwile anasema kumi na tano. Mdomo wa mzungu umeshafungwa, yeye bado anaongea."

Ambindwile hakatai. "Kiingereza ni kifupi," anaeleza kwa upole. "Watu wametembea saa mbili kuja hapa. Huwezi kuwapa maneno matatu."

Mwezi Machi, maneno hayo ya ziada yalimletea Mwanaasha balaa.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya kijana aliyenyang'anywa shamba la baba yake na gavana wa kisiwa, akaingia baharini kuwa haramia. Mwanzoni gavana anatoka barazani na kuwaambia wakulima jambo fulani. Ambindwile alilitafsiri hivi: "Mkungu wa ndizi shilingi mia na hamsini. Hutaki, rudi nao ukauozee kwako."

Ghala zima liliangua kicheko, kwa sababu wote walikuwa wamewahi kuambiwa maneno hayo. Ni maneno ya Meshaki Mwasongole, mnunuzi wa ndizi mwenye lori kubwa kuliko mengine sokoni, ambaye huyasema kila siku ya soko akiwa amesimama juu ya tela. Kufikia Alhamisi, watu walikuwa wakimwita Gavana. Walianza wauzaji, wakafuata wapakiaji wake mwenyewe.

Meshaki ndiye mwenye ghala.

Alikuja nyumbani kwa Mwanaasha, akakataa chai. "Mama Siham," alisema, "nakupangisha ghala langu, nawe unanitukana humo humo ndani."

Mwanaasha alimweleza kwamba gavana ni wa kwenye picha, na picha ilitengenezwa kabla wao wawili hawajazaliwa.

"Akaniuliza, basi mbona anaijua bei yangu?" anakumbuka Mwanaasha.

Meshaki aliweka sharti. Jumapili inayofuata picha ile ile ingerudiwa, naye angekaa benchi la mbele. Akisikia neno lisilokuwemo, Mwanaasha atafute mahali pengine.

Siku hiyo hiyo Mwanaasha alikwenda Kinyala kwa miguu, matope hadi vifundoni. Alimkuta Ambindwile akimkatia ndama majani.

"Mzee wangu, Jumapili utasema yaliyomo tu."

"Yaliyomo ni machache, mama."

"Basi sema hayo machache."

Ambindwile aliweka panga chini. "Unajua gavana anasema nini hasa? Anasema, lipeni au ondokeni. Sasa hiyo itampendeza Meshaki kuliko yangu?"

"Haimhusu," alijibu Mwanaasha. "Ndiyo maana naitaka."

Jumapili ilipofika, Meshaki aliingia na koti na kofia, pamoja na mkewe, Doreen. Walikaa mbele. Nyuma yao palikuwa pamejaa hadi mlangoni, karibu watu mia mbili, maana habari ilikuwa imefika Masukulu.

Ambindwile alifanya kama alivyoombwa. Alitafsiri kama mtu anayesoma tangazo la ofisi. Gavana akatoka barazani, akafungua mdomo.

"Lipeni au ondokeni," alisema Ambindwile, akanyamaza.

Kisha sauti ya mwanamke ilisikika kutoka nyuma, bila haraka: "Mkungu wa ndizi shilingi mia na hamsini." Na ghala zima likamalizia kwa pamoja: "Hutaki, rudi nao ukauozee kwako."

"Nilishika swichi," anasema Mwanaasha. "Nilitaka kuzima. Lakini nikizima linabaki giza, na kwenye giza wangesema makubwa zaidi. Nikaacha. Nilitamani kuwapiga wote na benchi."

Meshaki hakuondoka. Alikaa akitazama mbele. Doreen alijifunika mdomo kwa kanga, na waliokaa karibu wanasema mabega yake yalikuwa yakitikisika. Picha ikaendelea: meli zikagongana, haramia wakarukia kamba, kijana na gavana wakakutana kwenye ngazi. Kijana aliponyang'anywa upanga wake, Ambindwile, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka benchi la mbele, aliona jambo.

"Meshaki aliinuka kidogo," anasema. "Alikunja ngumi. Alikuwa upande wa stelingi. Katika miaka yangu yote hapa sijaona mtu aliyekuja kumshangilia gavana. Hata magavana hawaji kwa ajili hiyo."

Gavana alipoanguka majini, ghala lilishangilia kwa muda mrefu kuliko siku zote. Hapo Meshaki alivaa kofia yake, akatoka.

Jumanne barua ilifika, mistari minne. Ghala linahitajika kuhifadhi mbolea. Mpangaji ahame ifikapo mwisho wa Juni.

Alipoulizwa sokoni na mwandishi wa makala haya, Meshaki alisema suala ni mbolea, hakuna jingine. Alirudi kuhesabu mikungu, kisha akageuka. "Ile picha niliiacha haijaisha," alisema. "Yule kijana alirudishiwa shamba?"

Alijibiwa kwamba alirudishiwa. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Bei ya mkungu siku hiyo ilikuwa mia na hamsini.

Mwanaasha hana hamu ya kucheka. Ametafuta mahali kwa wiki tano. Mzee mmoja wa kanisa alimnyima ukumbi kwa sababu ya busu la mwishoni. "Nikamwambia nitaziba lenzi kwa mkono. Akasema ukiziba, watu watajiuliza unaficha nini. Sasa mtu kama huyo utamfanyaje?"

Wanawake wa Masukulu, wakiongozwa na Atupele, wamempa kiwanja na wameanza kusimamisha banda la mianzi. Huko hakuna umeme, na Hafidhi amekubali kumwazima jenereta. Wanawake hao wana sharti moja, nalo limemuudhi Mwanaasha kuliko barua ya Meshaki: Ambindwile lazima awepo.

"Mashine yangu, picha zangu, wao wanamtaka aliyenipotezea ghala," anasema.

Amekubali. Lakini kabla ya Julai anakwenda Mbeya, ambako Hafidhi amesikia kuna mtu anauza mikanda ya jumba la sinema lililofungwa, miongoni mwake picha mbili za panga. Mwanaasha ameweka akiba ya kununua moja.

"Nataka ambayo Ambindwile hajawahi kuiona," anasema huku akifungua mlango na umati ukimpita. "Siku ya kwanza atalazimika kunyamaza na kusikiliza. Hata kama ni siku moja tu, nami nitakaa benchi la mbele."