Sarafu Ndani ya Kikombe cha Ruweyda

Ruweyda haoni tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne. Leo ana ishirini na mbili, na watu wa Garissa bado wanamwita "yule maskini". Maskini gani? Anafua, anapika anjera isiyoungua, simu yake inamsomea ujumbe kwa sauti, na nyumbani ameweka sheria moja tu: kitu kisihamishwe. Mtungi mahali pake, kigoda mahali pake. Hata ayeeyo wake, bibi Safiyo, mtu asiyetii mtu, aliikubali sheria hiyo, ingawa kwa kunung'unika.

Miaka thelathini Safiyo ameuza maziwa ya ngamia sokoni, juu ya kigoda chake cha ngozi, na ole wake mwingine aliyekikalia. Mwaka huu magoti yakagoma. Na soko halina huruma: nafasi yako ikilala wazi juma moja, utakuta mwenzio ametandika gunia lake.

"Nitaenda mimi," Ruweyda akasema.

"Wewe? Utakanyagwa na punda kabla hujafika."

"Punda wana akili, ayeeyo. Mimi naogopa watu wa bodaboda."

Bibi akacheka, kisha akajuta kucheka. "Siku tatu. Ukirudi umeshikwa mkono kama mtoto, au ukimwaga maziwa yangu, nafasi nampa Filsan, jirani yangu wa sokoni. Na wewe utakaa hapa nikuone mpaka nife."

Siku ya kwanza Ruweyda alitoka na mtungi mgongoni na fimbo yake nyeupe mkononi, akafuata ukingo wa mtaro mpaka kwenye kelele za kinu cha posho, kisha akakata mkono wa kulia. Njiani mtu mwema akamkamata mkono na kumvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka. Akamshukuru, akangoja aende zake, akavuka tena kurudi. Sokoni akaketi juu ya gunia, na adhuhuri ikakuta mtungi mtupu. Siku ya pili alijikwaa kwa mbuzi aliyelala njiani, na aliyelalamika ni mbuzi.

Siku ya tatu akaja mwalimu Gatwiri, mgeni kutoka Meru. "Maziwa iko?" Ruweyda akajaza kikombe cha kupimia mpaka ukingoni. Kabla hajamimina, tumbwi! Kitu kikazama ndani.

"Sadaka, binti yangu," ikasema sauti ya mzee, tayari inaondoka. "Allah akuhurumie."

Filsan, aliyekuwa akiuza pale kando, akaguna. Maziwa yenye sarafu ni ya kumwaga, na kumwaga ndiko alikokatazwa.

"Adeer!" Ruweyda akaita, kama mtu anayemwita ami yake. "Rudi, umesahau maziwa yako."

"Mimi sikununua maziwa."

"Sarafu yako imepita mikono ya soko zima, sasa inaogelea humu. Nani mwingine atayanywa? Wanaoomba wako mlangoni pa msikiti, watakuombea dua nzuri. Hapa tunauza."

Wanawake wakaangua kicheko. "Kunywa, mzee Alio!" Filsan mwenyewe akapiga kelele. "Kunywa sadaka yako!"

Hatua zikarudi polepole. Ruweyda akanyoosha kikombe, mkono imara. Mzee akanywa mpaka sarafu ikamgonga meno.

"Chombo kimefukizwa moshi vizuri, maziwa yananukia," akakiri kwa shida.

"Basi lipa kikombe kizima, adeer. Sarafu ipeleke msikitini."

Akalipa. Halafu akaomba vikombe viwili vya nyumbani, na safari hii akangoja zamu yake nyuma ya mwalimu.

Jioni Safiyo alikuwa amekwisha kupigiwa simu na nusu ya soko, lakini akauliza kama asiyejua.

"Umemwaga?"

"Hata tone."

"Nani amekuleta?"

"Fimbo."

Bibi akaukagua mtungi, akaurudisha mahali pake. Wallahi, kumsifu mtu kwake ni kama kung'oa jino.

Asubuhi Ruweyda alipotoka, mguu wake ukagonga kitu kigumu mlangoni, kando ya mtungi.

"Ayeeyo! Nani amehamisha kigoda?"

"Kimehamishwa wapi?" bibi akajibu kutoka kitandani. "Mahali pa kigoda kile ni sokoni. Kibebe, na usichelewe."