Mlio Namba Saba

Vidole, jina alilopewa kwa ufundi wa gitaa, alikuwa na pedali nne za analojia, vile visanduku vya kukanyaga ili gitaa lingurume au lirudishe mwangwi. Alizinunua moja moja kwa miaka kumi na tisa. Zilikuwa na visirani vyao, weee! Joto likizidi, ile ya mwangwi inachelewa. Ya kungurumisha haikubali mpaka uibembeleze kwa kidole gumba cha mguu, ndiyo maana alipiga peku.

Mwenye bendi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Ndiye pia mwenye nyumba. Vidole na mkewe walikaa vyumba viwili vya uani, bure. Na cha bure, jamani, kina kamba yake.

Jumatatu shemeji akaja na pedali moja bapa ya dijitali.

"Shemeji, dunia imehama, wewe bado analojia! Humu unahifadhi milio yote, unabonyeza namba, basi."

"Zangu zina kosa gani?"

"Zinakoroma watu wakiwa wanakula. Haya, chagua mwenyewe. Ila Jumamosi nataka ukumbini hii mpya."

Chagua mwenyewe! Mtu unalala kwake, utachagua nini?

Vidole akakubali, maana alikuwa na siri. Bendi ya upande wa pili wa mji ilimtaka kwa ajili ya ule mlio wake, ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Mwezi ukiisha angeondoka na mkewe, wakapange nyumba yao. Ulikuwa mlango wake pekee.

Angeweza kunakili ovyo aseme mashine imeshindwa. Lakini fundi ni fundi, na ujinga wake ndio huo, hawezi kuharibu kazi hata ikiwa inamnyonga. Siku tatu alijifungia na ile pedali, akanakili mpaka ule mwangwi unaochelewa. Akauhifadhi kwenye namba saba, akafurahi peke yake.

Ijumaa mchana shemeji alisikiliza sebuleni kwake, akapiga makofi. Kisha akamwita mpiga gitaa la pili, akamwambia abonyeze saba. Kijana wa watu akapiga. Mlio ulikuwa uleule.

"Wale wa bendi ya ng'ambo ya mji wamenipigia simu," shemeji akasema, akicheka. "Nimewaambia nitawapa nakala, wasihangaike kubeba mtu mzima."

Vidole akacheka nao. Angefanyaje? Moyo umepasuka, meno yako nje. Akamwacha kijana anapiga, akatoka kwenda uani.

Mkewe alikuwa anaanika nguo, amempa mgongo, anatikisa kichwa kufuata gitaa lililokuwa likilia ndani.

"Msikie mume wangu," akamwambia jirani wa ng'ambo ya ukuta. "Miaka mingi hajapiga hivi!"

Vidole akasimama nyuma ya shuka lililolowa maji, hakuthubutu hata kukohoa, mpaka wimbo ukaisha.